Rejista ya Mwalimu

Hotuba ya kumkumbuka mwanzilishi wa kwaya yetu, Yubile ya miaka 50

 

 Halmashauri ya Yubile imenipa dakika kumi na tano, na katibu amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijasimama. Nitajitahidi.

Nimeombwa nimzungumzie Mwalimu. Jina lake kamili mmelisoma kwenye ukurasa wa kumbukumbu, chini ya picha yake. Mniwie radhi nisipolitaja. Hapa Voi tulikuwa na walimu wengi wenye majina yao, na tulikuwa na Mwalimu mmoja tu. Ukiambiwa sokoni, "Mwalimu anakuita," hukuuliza yupi. Uliuliza umefanya kosa gani.

Nianze na mwaka wa 1974. Mwaka huo serikali ilifuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne, na watu wa rika langu wanakumbuka yaliyofuata. Watoto walifurika shuleni kama maji ya mvua. Darasa letu la kwanza lilikuwa na madawati ya watoto arobaini, na tuliokuja tulikaribia mia. Chumba hakikutosha. Kanisa likakubali tukae humu ndani siku za juma. Hapa niliposimama palikuwa na ubao mweusi wenye miguu mitatu, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mkonge.

Mbele ya ubao huo alisimama msichana mwembamba aliyemaliza chuo muda si mrefu, mwalimu wa daraja la P3, ngazi ya chini ya ualimu wakati ule. Watoto karibu mia, mwalimu mmoja, vitabu vichache vya kupokezana. Afanye nini? Alituimbisha. Tuliimba hesabu, tukaimba siku za juma na miezi ya mwaka, tukaimba majina ya mito. Mpaka leo nikitaka kujua saba mara nane ni ngapi, lazima nianze kuimba kutoka saba mara moja, na mke wangu hunicheka.

Krismasi ya mwaka uliofuata tuliimba mbele ya wazazi. Baadhi ya wazazi walitusikia, wakaomba wafundishwe na wao. Walikuja Jumamosi, wakakaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa kidevu. Hiyo ndiyo kwaya hii. Vijana, mkiulizwa nani aliyeianzisha, mseme Mwalimu, akisaidiwa na ukosefu wa vitabu.

Sasa niwaambie habari ya rejista, kwa sababu nikikumbuka jambo moja tu juu ya Mwalimu, nakumbuka hilo.

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote baada ya sala, alifungua rejista na kuita majina. Jina la kwanza na jina la baba. Tuliitika, "Nipo, Mwalimu," naye akainua macho akakutazama, ndipo akaandika kistari. Asiyekuwepo aliandikiwa sifuri. Kwa watoto karibu mia, kazi hiyo ilikula sehemu kubwa ya somo la kwanza. Siku moja mkaguzi alimshauri aache kupoteza wakati, ahesabu vichwa tu. Mwalimu akamjibu kwa heshima kwamba akihesabu vichwa atajua wamekosekana wangapi, ila hatajua amekosekana nani.

Sifuri moja aliiacha ipite. Sifuri mbili zikifuatana, jioni alivaa raba zake, akachukua mwavuli wa kujikinga na jua letu hili, akaenda nyumbani kwa mtoto. Alifika Sofia, akafika Mwakingali, akafika Birikani, akaenda hadi kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge. Karo ilikuwa imefutwa, lakini michango ya majengo ilikuwa imeingia mahali pake, na mtoto ambaye wazazi hawakuwa nayo alirudishwa nyumbani. Mwalimu hakuwa na uwezo wa kuufuta mchango. Alikwenda kumwambia mzazi asione aibu, aje wazungumze na mwalimu mkuu, na kama anaogopa, yeye atasimama naye mlangoni. Alisimama na wengi.

Mimi mwenyewe nilipata sifuri tatu. Nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa Mombasa akitafuta kazi, na mama, aliyekuwa akituuzia mayai ya kuchemsha tupate unga, aliugua akalala kitandani. Basi nikachukua kazi yake. Nilisimama barabara kuu yanapopumzika mabasi, beseni kichwani, mdogo wangu wa mwaka mmoja mgongoni. Siku ya tatu nilisikia sauti nyuma yangu ikiita jina langu kama lilivyoitwa kwenye rejista, jina la kwanza na jina la baba. Nikaitika kwa mazoea, "Nipo, Mwalimu!" Abiria wote madirishani wakaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alinunua mayai mawili, akala moja pale pale, akanipa shilingi na kuningoja nimrudishie chenji. Nikamkosea kwa senti hamsini.

"Unaona?" akaniambia. "Bado unanihitaji."

Jioni alikuja kwetu. Sijui alizungumza nini na mama, maana nilitolewa nje. Ninachojua ni kwamba jirani yetu alichukua lile beseni, na Jumatatu mimi nilirudi shule nikiwa na mtoto mgongoni. Mdogo wangu alilala nyuma ya darasa, hapo wanapokaa besi leo, juu ya kanga ya Mwalimu, mpaka mama alipopata nguvu. Dada yangu huyo mnamjua, yuko hapa anaimba alto. Hujisifu kwamba yeye ndiye wa kwanza katika kwaya hii kulala wakati wa mazoezi. Nami humjibu kwamba wa mwisho bado hajapatikana.

Kwaya nayo Mwalimu aliiendesha kama darasa. Alikuwa na rejista ya pili, daftari la kawaida alilolipiga mistari kwa rula, na kila Jumamosi aliita majina kabla hajatoa sauti. Alitufundisha kwa solfa. Aliandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t, akashika kijiti, nasi tukapanda na kushuka kila kijiti kilipokwenda. Alipenda kutueleza kwamba njia hiyo ilitokana na kazi ya mwalimu wa watoto huko Norwich, Uingereza, Bi Sarah Glover, na kwamba mchungaji mmoja, John Curwen, aliichukua na kuieneza katika karne ya 19. Wamishonari wakaileta Afrika kwa sababu haikuhitaji kinanda wala karatasi yenye mistari mitano. Kipande cha chaki kilitosha. "Ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama nyinyi," alituambia, "msisikie tena mtu akisema hana vifaa."

Na hakumtoa mtu kwaya kwa sababu ya sauti. Kulikuwa na mzee mmoja wa reli, sasa marehemu, ambaye sauti yake ilitangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Sisi vijana tulimwomba Mwalimu amwambie ahudumu katika kupokea wageni. Mwalimu akamsimamisha kati ya tena wawili hodari, akamwambia aimbe polepole kiasi cha kumsikia wa kulia na wa kushoto. Ilichukua karibu mwaka. Sitawadanganya kwamba alikuwa mwimbaji wa ajabu, lakini alishika sauti yake, na alipofariki wale tena wawili walilia kuliko watoto wake.

Kulikuwa na mwalimu mwenzake ambaye Mwalimu alipenda kutusimulia habari zake, Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Huyu alifundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Aliongoza kwaya, akawatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa solfa katika daftari. Mwaka wa 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani Mungu ibariki Afrika. Alifariki mwaka wa 1905, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Wimbo wake ukasafiri bila yeye. Leo ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini, na sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania, ambao sisi tunaoishi karibu na mpaka tuliusikia redioni tangu utoto. Mwalimu alitaka tujue kwamba wimbo mkubwa namna ile ulitoka kwa mwalimu wa shule na watoto wake, watu wa chaki na daftari kama sisi.

Kuna jambo moja hakutusimulia, maana wakati ule lilikuwa bado halijajulikana. Kwa miaka mingi mno hakuna aliyejua Sontonga alizikwa wapi. Bara zima linaimba wimbo wake, na kaburi lake limepotea. Lilikuja kupatikana katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, na tarehe 24 Septemba 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, Rais Nelson Mandela akiwepo. Niliposoma habari hiyo nilisikitika, nikajiuliza ni watu wa namna gani wanaoimba wimbo wa mtu na kumsahau mwenyewe.

Wapendwa, sasa nafikia sehemu ambayo nilimwomba Kasisi ruhusa ya kuisema, naye akanikubalia.

Mwalimu alistaafu baada ya kufundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo tena na madarasa yakafurika kama yale yetu, alirudi shuleni bila mshahara kusaidia walimu vijana, kwa sababu, alisema, yeye alikuwa na uzoefu wa mafuriko. Kwaya aliiacha mikononi mwa wanafunzi wake, akakaa benchi la tatu upande wa dirisha. Mnalijua benchi hilo.

Ikaja corona. Machi 2020 makanisa yalifungwa. Yalipofunguliwa Julai, mnakumbuka masharti ya mwanzo: watu wasizidi mia moja, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Mwalimu alikuwa amepita sabini. Alitii. Mpwa wake akamchukua wakakae pamoja Mwatate.

Baadaye masharti yalilegezwa, kisha yakaondolewa. Wazee wengine walirudi. Mwalimu hakurudi. Mimi nilidhani Umoja wa Akina Mama wanamtembelea. Umoja wa Akina Mama walidhani kwaya inamtembelea. Kwaya ilikuwa na shughuli: sare mpya, kurekodi video, kuchangia kinanda. Wageni waliketi benchi la tatu upande wa dirisha, nasi tukawakaribisha kwa makofi. Mwatate si mbali. Matatu zinaondoka hapo stendi mchana kutwa. Miaka mitatu ikapita.

Mwaka jana halmashauri ilihitaji historia ya kwaya kwa ajili ya kijitabu hiki mlichoshika. Ndipo mtu akasema, "Mwalimu atakuwa nayo." Nikatumwa mimi. Naomba mlisikie hilo vizuri, kwa sababu ni aibu yangu kwanza kabla ya kuwa yetu: sikwenda kumtazama Mwalimu. Nilikwenda kuchukua tarehe.

Nilimkuta ameketi barazani. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, hakuniona. Nikabisha hodi, naye akaitambua sauti. "Besi," akasema. "Umechelewa."

Nilipomweleza nilichofuata, alimwomba mpwa wake alete sanduku la bati. Ndani mlikuwa na rejista za kwaya tangu 1975, daftari juu ya daftari, zimefungwa kwa utepe. Nikafurahi, nikatoa kalamu kuandika. Mwalimu akasema, "Kwanza ita majina."

Nikaita la kwanza, kisha nikanyamaza. Alikuwa akingoja jibu. Nikaelewa kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuwaitikia. "Amefariki, Mwalimu." Akatikisa kichwa. La pili. "Yuko Nairobi kwa mwanawe." La tatu. "Aliolewa Kilifi, anaimba huko." La nne. Nikasita. "Sijui, Mwalimu."

"Hujui tangu lini?"

Hilo nalo sikulijua.

Tuliendelea hivyo mpaka jua likaanza kuzama. Majina sitini na matatu ya waliokuwa katika kwaya miaka kumi ya kwanza, na kumi na saba kati yao nilijibu sijui. Watu niliosimama nao bega kwa bega, tukala wali wa Krismasi kwenye sinia moja. Nilipomaliza nikarudi mwanzo nikatafuta jina la Mwalimu mwenyewe. Sikuliona katika daftari lolote. Anayeita majina hajiandiki. Kwa hiyo katika miaka yote hiyo hakuna rejista ambayo ingetuonyesha sifuri yake, hata kama tungeifungua, na hatukuwa tumeifungua.

Nilianza kuomba msamaha. Alinikatiza kama alivyokuwa akimkatiza mtoto anayeeleza kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani. "Hao kumi na saba," akasema, "mnaanza lini?"

Tulianza Jumamosi iliyofuata. Wengine wenu mlikuwamo. Tulienda Mwatate kila baada ya wiki mbili, tukamwimbia barazani, naye akatusahihisha, hasa sauti ya pili. Na kila tulipokwenda tulimpelekea majina. Mmoja tulimpata Mariakani, ana duka. Mmoja alikuwa hapa hapa Voi, amekata tamaa ya kanisa baada ya msiba ambao hakuna aliyemzika nao. Wawili tuliyapata makaburi yao. Katika miezi minne tulipata majibu ya watu sita. Mwalimu alikuwa akirudia kila jina taratibu, kisha anasema, "Andika." Kisha naye akalala, kwa amani, nyumbani kwa mpwa wake. Siku ya mazishi nyote mlikuja. Sijawahi kuona watu wengi namna ile. Lakini nilisimama pale kaburini nikihesabu ni wangapi kati yetu tulioijua baraza ile ya Mwatate.

Ndugu zangu, katika kitabu cha Walawi sura ya 25, yubile ni mwaka wa mali kurudi kwa mwenyewe na watu kurudi kwa jamaa zao. Keki tutaikata, na sare zimependeza. Lakini mwaka wa hamsini unatudai watu warudi, na hawawezi kurudi kama hakuna aliyegundua kwamba hawapo.

Kwa hiyo, kwa niaba ya wanafunzi wa Mwalimu, naleta mambo matatu.

La kwanza, nina rejista mpya hapa. Tumelipiga mistari kwa rula, kama yeye. Jina la kwanza ndani yake ni la Mwalimu, limeandikwa kikamilifu, na mbele yake tumeandika: amelala. Namkabidhi katibu wa kwaya leo. Tunaomba isomwe kila Jumamosi kabla ya mazoezi, jina kwa jina. Msihesabu vichwa. Na sifuri mbili zikifuatana, watu wawili waende, hata kama mwenye sifuri hizo ni mzee aliyestaafu, hata kama ni kiongozi. Mwita majina naye aandikwe, amtajie mwenzake.

La pili, wanafunzi wa Mwalimu tuliobaki na macho ya kusoma tutafundisha solfa watoto wa Shule ya Jumapili, kila Jumamosi saa nane, humu humu. Kinanda kipya tunakishukuru. Lakini umeme wa Voi mnaujua.

La tatu, mlangoni mmebandikiwa karatasi yenye majina kumi na moja. Hao ndio ambao bado tunajibu sijui. Mkitoka, msipite haraka kwa sababu ya harufu ya pilau. Simameni msome. Huenda mmoja ni shangazi yako, au mliwahi kupanga naye nyumba moja Changamwe. Ukimjua, mwambie katibu leo hii, kabla hujaketi kula.

Nafikiri dakika zangu zimekwisha, naona saa imeinuliwa.  Mungu aibariki kwaya hii, na ampumzishe Mwalimu mahali ambapo majina yote yanajulikana.

Amina.